Ukonfusio wa nyumbani: maana yake

Ukitaka kuuona Ukonfusio wa watu wa kawaida, yaani mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa China ya kale, jinsi wanavyoyaishi, usianzie maktaba. Anzia sebuleni. Katika nyumba nyingi za Wahokkien (Wachina wenye asili ya Fujian, kusini mwa China) huko Penang, Malaysia, na Singapore kuna meza yenye vibao vya majina ya wazee waliofariki. Siku ya kumkumbuka marehemu huwekwa wali, kuku, chai na vijiti vya kulia, udi ukawashwa, kisha jamaa wakangoja. Baada ya muda mmoja wao hurusha sarafu mbili. Zikionyesha pande tofauti, wazee wameshiba. Zikifanana, bado wanakula, na watu wangoje tena. Ndipo walio hai nao wale chakula hichohicho.

Wanaanthropolojia wanapotaja Ukonfusio wa umma, huwa na maana ya mambo kama haya: mafundisho ya Confucius (551–479 KK) kuhusu wazazi, ujamaa na adabu, yanavyotendwa na watu ambao pengine hawajafungua hata ukurasa mmoja wa maandiko yake. Kiini chake ni xiao, yaani wajibu wa mtoto kwa wazazi, ambao haumaliziki kaburini. Msemaji wa Kiswahili ataelewa upesi, maana Kichina nacho hakiwachanganyi baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Mtoto anayefundishwa kumwamkia kila mkubwa kwa jina lake la ujamaa kabla ya kugusa chakula, huyo ameshaanza kusoma Confucius.

Je, ni dini? Kwangu mimi, jibu linategemea nani anauliza, na kwa ajili ya karatasi gani. Wengi wanaorusha sarafu zile hujitaja kuwa Wabudha au Watao, yaani wafuasi wa Utao, dini nyingine ya Kichina. Indonesia mambo ni tofauti: huko Ukonfusio, uitwao Khonghucu, ni dini kamili, yenye viongozi wake na nyumba za ibada ziitwazo litang. Amri ya Rais Sukarno ya 1965 iliitaja miongoni mwa dini sita za nchi. Mwaka 1967 Suharto, aliyemrithi Sukarno, akaagiza ibada za Kichina zifanyike ndani ya familia, si hadharani. Athari za agizo hilo zilifika hadi kwenye ndoa: katika miaka ya 1990 wanandoa wa Surabaya waliooana kwa taratibu za Khonghucu walinyimwa usajili, wakaenda mahakamani. Agizo la 1967 lilifutwa na Rais Abdurrahman Wahid mwaka 2000, na tangu 2003 Mwaka Mpya wa Kichina ni sikukuu ya taifa zima.