Ndege ameiva, cha tumboni bado

Juzi usiku nilitumiwa picha ya kuku wadogo sita kwenye trei, ngozi imekolea rangi ya asali, miguu imefungwa kwa uzi. Ujumbe ulisema: "Mwalimu, nimechoma paja kwa kisu, maji yametoka meupe. Nipakue?" Nikamuuliza mchanganyiko aliowajaza tumboni una nyuzi ngapi za joto. Akajibu, "Si ndege ameiva? Cha ndani si kitakuwa kimeiva naye?"

Hapana, dada yangu. Nilimwomba achomeke kipimajoto kwenye paja, kisha akipitishe kwa nyuma hadi katikati ya tumbo. Paja lilikuwa nyuzi 78. Katikati ya tumbo, nyuzi 57. Trei ile ile, ndege yule yule, dakika ile ile. Wageni walikuwa wameshakaa.

Swali hili nimelijibu darasani, nimelijibu kwenye simu, nimelijibu nikiwa nimesimama mbele ya oveni ya mtu mwingine na taulo begani. Nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hiyo leo naliandika lote.

Nazungumzia ndege wa kuliwa na mtu mmoja au wawili: kuku mchanga wa gramu 450 hadi 600, wale ambao Wafaransa huwaita poussin, kuku wa Cornish wa Marekani, ambaye kwa kanuni za huko hazidi takriban gramu 900, kinda la njiwa, na kware, ambaye akishanyonyolewa na kutolewa matumbo mara nyingi hafiki gramu 200. Watu huwapenda kwa chakula cha jioni majira ya majani kupukutika kwa sababu kila mgeni anapata wake mzima, na kwa sababu boga, uyoga, tofaa na mkate mkavu hukaa vizuri tumboni mwao. Na udogo wao ndio unaodanganya. Mtu huogopa kumjaza bata mzinga wa kilo saba, halafu anamjaza kuku wa nusu kilo bila wasiwasi wowote, akidhani kitu kidogo hakiwezi kubaki kibichi ndani.

Fikiria ndege asiyejazwa. Tumbo lake ni tupu. Ili aive, joto linahitaji kuvuka unene wa nyama tu, na kwenye kidari cha kuku mdogo huo ni sentimita mbili au mbili na nusu. Sasa mjaze. Si yule ndege tena. Umegeuza bomba lenye uwazi kuwa gogo. Joto sasa linatakiwa livuke ngozi, nyama na mifupa ya mbavu, kisha liingie kwenye mkate au wali uliolowa hadi katikati, sentimita nne au tano kutoka nje. Na joto haliendi kwa mstari ulionyooka kama gari barabarani: umbali ukiongezeka mara mbili, muda wa kufika huongezeka takriban mara nne. Ndiyo maana paja linaweza kuwa limeiva kabisa huku katikati ya tumbo pakiwa na uvuguvugu tu. Oveni haina kosa, na mpishi hakuzembea. Umbo limebadilika, na saa ya mapishi ya ndege mtupu haifai tena.

Watu wa pili, wale wajanja zaidi, huniambia: "Lakini mimi mchanganyiko wangu naupika kwanza. Uyoga umekaangwa, wali umeiva, vitunguu vimeiva. Hata ukibaki vuguvugu, shida iko wapi?" Hawa ndio wanaonikera kuliko wote, kwa sababu wamefika karibu sana na ukweli wakasimama. Kuupika kwanza ni lazima, hasa ukiwa na nyama, soseji au maini ndani yake. Lakini ndege uliyemzungushia ni mbichi. Katika nusu saa ya kwanza, nyama ikianza kubana, maji yake hutoka, na sehemu ya maji hayo huingia tumboni, yakiwa bado hayajafikia joto la kuua chochote. Salmonela na kampilobakta, bakteria wanaopatikana mara kwa mara kwenye nyama ya kuku na ndege wengine, husafiri nayo. Wali wako uliokuwa salama saa kumi na mbili jioni, saa moja kasoro umelowa maji ya kuku mbichi. Mkate ni mbaya zaidi, kwa kuwa kazi yake ndiyo hiyo, kunyonya. Utamu tunaoutafuta kwa kumjaza ndege unatoka kwenye maji yale yale yanayoleta hatari, na huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Kwa hiyo kipimo ni nyuzi 74 katikati ya mchanganyiko. Ndicho kinachotolewa na Idara ya Kilimo ya Marekani kwa kuku na kwa kilicho ndani yake, na wapishi wa nchi nyingi wanakifuata. Kwenye nyuzi 74 bakteria hawa hufa karibu papo hapo. Wanaojua mambo watasema bakteria hufa pia kwenye joto la chini wakikaa humo muda wa kutosha, na ni kweli. Joto na muda vinafanya kazi pamoja. Lakini hesabu hiyo inahitaji ujue katikati ya tumbo pamekaa kwenye joto gani kwa dakika ngapi, na jikoni siku ya wageni hakuna anayejua. Shika 74.

Nirudi kwenye yale maji meupe. Rangi ya maji ya nyama inatokana na protini inayoitwa mayoglobini, inayobadilika rangi ikipata joto. Inabadilika mapema au kwa kuchelewa kutegemea ndege mwenyewe. Kwa ndege wachanga kuna jambo la ziada: mifupa yao haijakomaa, ina vitundu, na uboho hupenya ukapaka nyama ya karibu na mfupa rangi nyekundu hata ikiwa imeiva vizuri. Basi kipimo hiki hukosea pande zote mbili. Kuna ndege atakayetoa maji meupe akiwa bado, na kuna atakayekuwa na wekundu pajani akiwa ameiva kupita kiasi, nawe unaendelea kumkausha kwa hofu. Na hata kingekuwa hakikosei, umechoma paja. Paja haliwezi kukupa habari za tumbo.

Kipimajoto, basi. Kijaribu kwanza kwenye glasi ya barafu iliyosagwa na maji kidogo: kisome sifuri au karibu na sifuri. Kisha usikichomeke mara moja ukaamini namba ya kwanza. Kiingize kutoka nyuma, kipite katikati, halafu kivute taratibu ukitazama namba. Itashuka, itafika chini, itaanza kupanda tena. Ile ya chini kabisa ndiyo unayoitaka. Ncha ikigusa mfupa au nyama ya upande wa pili itakuonyesha joto la pale, utafurahi bure.

Kuhusu kuoka kwenyewe sina mengi. Mpake chumvi usiku wa jana, kijiko cha chai kisichojaa kwa kila nusu kilo, mwache wazi kwenye friji ngozi ikauke. Usimwoshe, maji yanarusha bakteria kwenye sinki na vyombo vilivyo karibu. Mfute kwa karatasi. Oveni nyuzi 220 kwa robo saa ya kwanza, kisha 180. Kuku wa nusu kilo aliyejazwa huchukua karibu saa nzima, lakini saa haikuhusu, umeshaambiwa.

Mchanganyiko ndio unaotaka umakini. Ujaze ukiwa wa moto, umetoka kwenye sufuria sasa hivi, na ndege aingie oveni papo hapo. Ukimjaza kwa mchanganyiko wa friji wenye nyuzi 4, una nyuzi 70 za kupanda kabla hujafika. Ukimjaza wa moto, nyama baridi itaupunguzia joto, ndiyo, lakini umeanza mbali sana mbele. Kosa kubwa kuliko yote ni kumjaza usiku ili "kupunguza kazi kesho". Tumbo la ndege mbichi lililojaa mkate wenye unyevu ni mahali pazuri mno pa bakteria kuzaliana, na ubaridi wa friji huchelewa kufika katikati kama vile joto la oveni linavyochelewa. Ujaze kwa ulegevu, vijiko vitatu au vinne vya kulia kwa kuku wa nusu kilo, ubaki na nafasi. Mkate na wali huvimba vikinywa maji ya nyama. Nimeshafungua ndege waliosheheni hadi mchanganyiko ukawa mgumu kama tofali, na kijiko kinaukata vipande vikavu katikati na tope pembeni. Kinachobaki kipike kwenye bakuli la oveni pembeni. Na uwe na unyevu, usiwe mkavu. Joto huua bakteria haraka zaidi penye maji.

Sasa lile ambalo vitabu vya mapishi hulipita kimya. Ukisubiri katikati ya tumbo pafike 74, kidari kitakuwa kimeshavuka 80. Kidari cha ndege mdogo kinapendeza zaidi kwenye nyuzi za chini ya hapo, na ukweli ni kwamba kidari cha ndege aliyejazwa hakilingani ulaini na cha ndege mtupu aliyeokwa vizuri. Chumvi ya usiku husaidia sana, kwa sababu inaifanya nyama ishikilie maji yake. Siagi chini ya ngozi inaleta ladha na rangi. Kwamba inalainisha nyama yenyewe, siku hizi sisemi tena, ingawa niliwahi kuwafundisha watu hivyo. Kumwagia mafuta kila dakika kumi nimeacha: mlango unafunguliwa, joto linashuka, ngozi inalowa. Namwagia mara moja tu, mwishoni. Kufunga miguu nasita. Kunazuia mchanganyiko usimwagike na umbo linapendeza mezani, lakini mapaja yakibanwa kwenye tumbo sehemu ya ndani huchelewa kuiva. Siku hizi nafunga kwa ulegevu, au nafunga mlango wa tumbo kwa kipande cha tofaa na kuacha miguu huru.

Nimejiuliza mara nyingi kama ni haki kumjaza kabisa. Idara ile ile ya Kilimo inashauri mchanganyiko upikwe nje ya ndege, na kwa kware nimekubaliana nayo. Kware aliye mtupu anataka dakika kumi na tano hadi ishirini za moto mkali. Ukimjaza na kungoja 74, kifua chake kidogo kimekuwa kamba. Nikitaka kware wa kujazwa namtoa mifupa ya kifua na mgongo kwanza, namjaza kijiko kimoja tu, anakuwa mwembamba na joto linafika. Asiye na mkono wa kutoa mifupa aweke tumboni jani la seji na kipande cha kitunguu saumu, basi.

Kwa kuku wa nusu kilo bado najaza, na nafanya hivi. Paja likifika 75 na mchanganyiko uko 64 au 65, simwachi ndege oveni akaukie. Namtoa, namweka kwenye ubao. Nafungua uzi, naingiza kijiko kirefu, nakomba mchanganyiko wote kuutia kwenye bakuli pana la oveni, nausambaza uwe mwembamba, narudisha oveni 200. Ukiwa mwembamba hivyo, dakika saba au nane unavuka 74, juu unapata ukoko, na muda huo huo ndege anapumzika kama alivyotakiwa kupumzika. Kisha naurudisha tumboni vijiko viwili kwa macho ya wageni, au nauweka chini ya ndege kwenye sahani. Kijiko kile cha kukombea kimegusa mchanganyiko ambao haujaiva, kwa hiyo kinaenda sinki, nachukua kingine.

Yule dada wa kuku sita alifanya hivyo hivyo usiku ule, nikiwa naye kwenye simu. Alichelewesha chakula dakika kumi na mbili. Kilichobaki alikitoa tumboni chote kabla ya kuweka friji, mchanganyiko chombo chake, nyama chombo chake, ndani ya saa mbili tangu vitoke oveni.