Kidhibiti mota kupoteza umeme: maana yake na pa kuanzia kutafuta

Kidhibiti mota ni kile kisanduku kinachokaa kati ya betri na mota, kikipitisha umeme mwingi au kidogo kulingana na amri ya kompyuta ya roboti. Kikipoteza umeme katikati ya mchezo, roboti huanza kuvuta upande mmoja au mkono wake unadondoka, kisha sekunde chache baadaye kila kitu kinarudi kama vile hakikutokea kitu. Hapo ndipo aliyeandika programu anapoanza kulaumiwa bure.

Tuchukue roboti za mashindano ya FIRST Robotics Competition, yaliyoanzia Marekani. Zote hutumia betri moja ya volti 12. Cha kwanza, tazama taa za vidhibiti. Taa ikizimika kabisa, umeme haufiki. Ikiwa inapepesa, umeme upo, ila huenda amri haifiki au imezuiwa.

Kisha uliza: kimezimika kimoja au vimelegea vyote? Kompyuta ya roboRIO ya toleo la kwanza hukata mota zote volti ikishuka chini ya 6.3, ili yenyewe isizimike. Kwa hiyo kidhibiti kimoja kikizimika peke yake, iache betri. Kagua waya wake na breka yake, yaani swichi inayokata umeme ukizidi. Breka ya ampea 40 hukata kwa joto na kujirudisha ikishapoa, basi hitilafu yake huja mota ikiwa imesukuma kwa muda. Waya uliolegea hauna subira hiyo: roboti ikigongwa tu, umekata.

Vikilegea vyote, usidanganywe na mita inayosoma volti 12.6 roboti ikiwa imetulia. Tuseme betri ina ukinzani wa ndani wa omu 0.02. Mota zikivuta ampea 200, volti 4 (200 × 0.02) zinapotea humo humo. Nati ya betri isiyokazwa vizuri ikiongeza omu 0.02 nyingine, zinapotea 4 zaidi, unabaki na 4.6. Omu 0.02 mita ya kawaida haiwezi kuipima sawasawa, ndiyo maana kipimo cha kweli hufanywa mota zikiwa kazini: weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri, nyingine kwenye kichwa cha waya kilichofungwa hapo, halafu roboti isukume ukuta. Ukisoma hata nusu volti, chukua spana.