Luano wakati wa vita: kazi ya chini iliyorusha ndege

Ndege ya DC-3 hunywa takriban lita 360 za esansi, yaani petroli ya ndege, kwa saa. Pipa moja lina lita 200. Kutoka kambi ya Kamina hadi kiwanja cha ndege cha Luano, hapa Lubumbashi, ni kama kilomita 400, na kwenda na kurudi huchukua saa tatu na dakika chache, kwa hiyo safari moja humaliza karibu mapipa sita. Ndege hiyo hubeba mzigo wa kilo 2,700 hivi, na pipa lililojaa, chuma na mafuta pamoja, lina kilo 165. Ukitaka kufikisha mapipa 16 Luano, utachoma mengine sita njiani. Anayeielewa hesabu hii anavielewa vita vya angani vya Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, vya 1961 hadi 1963 kuliko aliyekariri majina ya ndege zote zilizopigana.

Tukisimulia vita vile hapa Lubumbashi, macho yetu huwa juu. Tunazungumzia Fouga Magister, jeti ndogo ya Katanga, na zile ndege nene za Sweden aina ya J 29 zilizokuja kuikabili Katanga kwa niaba ya ONU, yaani Umoja wa Mataifa. Makala haya yanaangalia chini: lami, mapipa, mifereji, ufagio, na barabara inayotoka Luano kuingia mjini.

Luano kilikuwa kiwanja cha kisiasa kabla ya kuwa cha kivita. Tarehe 12 Julai 1960, siku moja baada ya Katanga kutangaza kujitenga, Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba walikataliwa kutua hapa. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliletwa Luano kwa ndege ya DC-4 pamoja na wenzake wa kisiasa Mpolo na Okito, wakauawa usiku huohuo. Askari wa ONU walikuwa wameshaingia Elisabethville, jina la wakati ule la Lubumbashi, tangu Agosti 1960, na kambi kubwa ya Kamina nayo ilipita mikononi mwao Wabelgiji walipoondoka. Hata hivyo, hadi mapigano ya Septemba 1961 yalipoanza, ONU haikuwa na ndege hata moja ya kivita nchini. Ilikuwa na ndege za uchukuzi tu.

Ndiyo maana Fouga moja, ya mazoezi, yenye bunduki mbili na mabomu madogo, iliweza kuusumbua Umoja wa Mataifa mzima. Katanga ilikuwa imepata tatu. Moja ilianguka, nyingine ikakamatwa Luano, na ya tatu ikabaki Kolwezi, kama kilomita 240 kutoka hapa, chini ya nusu saa kwa ndege ya jeti. Iliwashambulia askari wa ONU kutoka Ireland waliozingirwa Jadotville (Likasi ya leo), ikapiga pia ndege za uchukuzi zilizoegeshwa. Mimi naona Fouga ile hutukuzwa mno kama ndege na kudharauliwa kama somo la viwanja. Nguvu yake haikutoka kwenye bunduki zake. Ilitoka kwenye kiwanja kilicho salama, chenye mafuta na fundi, huku adui akiwa amepanga ndege zake wazi bila ulinzi. Marubani wa ONU walianza kuruka usiku na kuzunguka mbali. Ndege ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, iliyoanguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, nayo ilipita njia ndefu ya mashariki ili kuikwepa anga ya Katanga. Asubuhi ya tarehe 17 ilikuwa imepigwa risasi ikiondoka Elisabethville, na mafundi wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) walilazimika kuitengeneza injini moja kabla haijaruka tena.

Alfajiri, kabla injini hazijawashwa

Kazi ya kwanza kwenye kiwanja cha jeti haihitaji cheo. Watu hujipanga mstari mmoja kukata upana wa njia ya kurukia, mita mbili au tatu kati ya mtu na mtu, wakatembea polepole toka mwisho hadi mwisho wakiokota. Wanaokota kokoto, misumari, vipande vya waya, maganda ya risasi, kifuniko cha chupa. Injini ya jeti huvuta hewa kwa nguvu, na mdomo wa J 29 uko puani, karibu na ardhi. Kokoto ndogo ikiingia, hugonga mapanga ya mbele ya injini, na panga likipinda kidogo tu mtikisiko unaanza. Kubadilisha injini katikati ya Kongo, wakati vipuri viko Sweden, ni jambo la kuiweka ndege chini kwa muda mrefu.

Takataka nyingi haziletwi na upepo, huletwa na malori. Gari linalotoka kwenye udongo mwekundu hubeba kokoto katika mianya ya matairi na kuzidondosha kwenye lami. Dawa yake ni kusimamisha kila gari kabla ya kuingia na kuchokoa matairi kwa kijiti. Watu huona ni upuuzi hadi injini ya kwanza iharibike.

Ukaguzi huohuo huangalia mifereji. Njia ya kurukia huinuliwa katikati kidogo, asilimia 1 hadi 1.5, ili maji yatiririke pembeni. Mvua za Katanga, hasa kuanzia Novemba hadi Machi, humwaga maji mengi kwa muda mfupi. Mfereji ukizibwa na nyasi au udongo, maji husimama, na yakizidi kina cha milimita 3 hatari huanza: gurudumu huacha kugusa lami na kuteleza juu ya maji, breki zikawa pambo. Mwendo ambao hilo hutokea hukadiriwa hivi: chukua kipeuo cha pili cha shinikizo la tairi, kwa pauni kwa inchi ya mraba, uzidishe kwa 16.7, upate kilomita kwa saa. Tairi la pauni 49, ambalo ni karibu na la DC-3, linatoa kilomita 117 kwa saa. Huo ni karibu mwendo ambao ndege hiyo hugusa nao ardhi. Matairi ya jeti hujazwa upepo mwingi zaidi, kwa hiyo huanza kuteleza kwa mwendo mkubwa zaidi, ila jeti nayo hutua kwa kasi kubwa.

Mafuta

Hapa ndipo penye vifo vya kizembe. Kiwanja cha wakati ule kilihudumia injini za aina mbili. Za pistoni, kama DC-3, DC-4 na DC-6, hutumia esansi ya ndege. Jeti hutumia mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa kiwango cha ndege. Ukitia mafuta ya taa kwenye injini ya pistoni, inaweza kuwaka na hata kuondoka, kwa sababu mabomba bado yana esansi ya zamani. Itazimika au kupasuka ikiwa imeshapaa. Ndiyo maana esansi hutiwa rangi: ya daraja la 100/130 ilikuwa ya kijani, ya 115/145 ya zambarau, na mafuta ya jeti hayana rangi au yana umanjano hafifu. Lakini rangi mbili zikichanganyika zinaweza kukudanganya, kwa hiyo fundi hunusa pia, na hudondosha kidogo kwenye karatasi: esansi hukauka upesi na kutoacha alama, mafuta ya taa huacha doa la mafuta.

Adui wa pili ni maji. Pipa lililosimamishwa wima nje hukusanya maji ya mvua kwenye mfuniko wake. Jua likipiga, hewa ya ndani hutanuka. Usiku hunywea na kuvuta maji yale kupitia nyuzi za kizibo. Kizibo kinaweza kuonekana kimekazwa kabisa na bado kikavuta. Kwa sababu hiyo mapipa hulazwa ubavu juu ya magogo, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia, chini ya mafuta ya ndani, ili hewa isipate pa kupita. Pipa likiinuliwa kwa matumizi, liachwe litulie. Maji na uchafu huzama haraka kwenye esansi, kwenye mafuta ya taa huzama polepole mara kadhaa zaidi, na kamanda mwenye haraka hapendi kusikia hivyo. Bomba la kunyonyea lisifike chini kabisa. Sentimita chache za mwisho ziachwe pipani. Halafu mafuta yapitishwe kwenye kichujio, na enzi zile ngozi laini ya mbuzi-mwitu ilikuwa ikitumika sana juu ya faneli.

Baada ya kujaza, fundi hufungua vali ndogo chini ya tangi na kukinga sampuli kwenye chupa ya kioo. Inatakiwa ing'ae bila ukungu wala tone linalotembea chini. Kuna mtego hapo: kama chupa nzima imejaa maji, nayo itang'aa vizuri. Fundi mzoefu huongeza tone la maji kwa makusudi. Likizama na kuonekana, yale ni mafuta. Likipotea, ameshika chupa ya maji.

Waya wa kutuliza umeme huunganishwa kabla kifuniko cha tangi hakijafunguliwa, na huondolewa mwisho kabisa. Radi zikianza kukaribia, kazi ya mafuta husimama, vita au si vita.

Jua la mwezi wa kumi

Luano iko mita 1,309 juu ya usawa wa bahari. Kwa vipimo vya kimataifa hewa ya kimo hicho hutarajiwa kuwa na nyuzijoto 6.5 hivi. Alasiri ya Oktoba ikifika 32, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba bawa na injini hufanya kazi kana kwamba kiwanja kiko mita 2,240. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria: ongeza asilimia 7 ya urefu wa njia kwa kila mita 300 za kimo, kisha asilimia 1 kwa kila nyuzi iliyozidi. Ndege inayohitaji mita 1,500 pwani itataka karibu 1,960 kwa sababu ya kimo, na karibu 2,460 ukitia joto. Ni makadirio tu, na kwa tofauti kubwa kama hiyo jedwali la ndege yenyewe ndilo hutoa uamuzi, lakini yanaeleza kwa nini safari nzito hupangwa kabla ya saa tatu asubuhi. Ratiba ya kiwanja kizima, kuanzia mpishi hadi mpakiaji, hufuata joto hilo. Mafundi hufanya kazi usiku kwa taa zilizofunikwa, kwa sababu bati la ndege mchana haliguswi kwa mkono mtupu.

Kuegesha, kujificha, kuziba mashimo

Oktoba 1961 zilifika Kongo jeti za kivita za ONU: J 29 tano za Sweden, Canberra sita za India na F-86 nne za Ethiopia. Desemba 1961 Canberra zikashambulia kiwanja cha Kolwezi. Baada ya India kuziita nyumbani zake mwaka 1962 kwa vita vyake na China, Wasweden waliongezewa ndege, na tarehe 29 Desemba 1962, katika operesheni iliyoitwa Grandslam, wakapiga kiwanja cha Kengere, Kolwezi. Sehemu kubwa ya ndege za kivita za Katanga iliteketea chini katika siku chache, bila kurusha risasi moja angani. Marubani wake hawakuwa wajinga. Ndege zilikuwa zimekaa mahali ambapo kamera ya upelelezi iliziona.

Kinga inajulikana. Ndege zisiegeshwe kwa mstari mzuri wa gwaride. Kila moja iwe peke yake, mbali na jirani, ndani ya ukuta wa udongo au magunia ya mchanga wenye umbo la kiatu cha farasi, na mapipa yawe mahali pengine kabisa. Udongo wa vichuguu vyetu hushikana vizuri ukishindiliwa na kunyunyiziwa maji. Mchanga mtupu humomonyoka mvua ya kwanza.

Njia ya kurukia yenyewe ikitobolewa, kosa la kawaida ni kukimbilia kufukia. Kwanza hutafutwa mabomu ambayo hayajalipuka. Pili huchaguliwa kipande kifupi na chembamba zaidi kinachotosha ndege iliyopo, kwa sababu huhitaji kukarabati mita zote. Tatu, lami iliyoinuka kuzunguka shimo hukatwa na kuondolewa. Mlipuko huinua lami mbali kuliko ukingo wa shimo, na usipoikata gurudumu litaipasua tena. Nne, tope lote hutolewa, hata kama ni kazi ya saa nyingi. Kisha mawe makubwa chini, kokoto juu, tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ikishindiliwa peke yake. Shimo lililofukiwa mara moja kwa lori tatu za udongo huonekana zuri jioni na kudidimia asubuhi chini ya ndege ya kwanza. Mabamba ya chuma yenye matundu, mita 3 kwa sentimita 38, kilo 30 kila moja, huweza kuunganishwa juu, ila hayaokoi msingi mbovu.

Na kiwanja bila barabara ni kisiwa. Mwanzoni mwa Desemba 1961 jandarmeri, yaani jeshi la Katanga, iliweka kizuizi kati ya Luano na mji, ndege zikawa zinatua lakini askari wa mjini hawapati kitu. Tarehe 5 Desemba kikosi cha Wagurkha wa India kilitumwa kukivunja. Kapteni Gurbachan Singh Salaria aliuawa hapo, na nchi yake ikampa nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa, Param Vir Chakra.

Baada ya Katanga kurudi Kongo, Januari 1963, nyingi ya J 29 hazikurejea Sweden. Gharama ya kuzirudisha ilizidi thamani yake, zikaharibiwa palepale Kamina.

Vyuma vya vita hubaki kuzunguka viwanja vya zamani, vya wakati ule na vya vita vilivyofuata. Ukikuta roketi, ganda kubwa au bomu wakati wa kulima au kuchimba udongo wa matofali, usikiguse, usikisogeze, usichome nyasi karibu nacho. Rudi kwa nyayo zako ulizojia, weka alama ya matawi mahali salama ulipopita, zuia watoto, umjulishe chifu au polisi ili wataalamu wa mabomu waitwe. Na usikipeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu: chuma kinachoonekana kimeoza kwa kutu kinaweza kuwa na baruti kavu ndani.