Kwa nini kichwa cha treni cha umeme cha miaka 40 hufumuliwa na kuundwa upya badala ya kuuzwa chuma chakavu?

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, kisha kufika Dodoma mwaka huohuo, habari za treni zimerudi vijiweni Arusha na Moshi. Hapo ndipo linapozuka swali zuri: Marekani, Uswisi na Afrika Kusini zimekuwa zikifumua vichwa vya treni vya umeme vilivyozeeka na kuviunda upya. Kama uwezo wa kununua vipya wanao, kwa nini wahangaike na vikuukuu?

Ni kwa sababu kichwa cha treni hakizeeki chote kwa wakati mmoja. Chuma chake kinaweza kudumu nusu karne na zaidi, lakini nyaya, vihami (vifuniko vinavyozuia umeme usivuje) na mitambo ya kuongozea umeme huchoka mapema zaidi.

Mafundi wa kusuka mota pale Unga Limited, Arusha, wanalijua hili vizuri. Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, fundi hatupi gamba wala shafti. Anatoa shaba iliyoungua, anasuka waya mpya, anapaka vanishi, anabadilisha beringi, na mashine inarudi kusaga. Karakana ya treni hufanya kazi ya namna hiyohiyo, ila mota ni kubwa mno. Kichwa cha 6E1 cha Afrika Kusini kina mota nne, moja kwa kila ekseli, na kwa pamoja hutoa kilowati 2,252 mfululizo bila kupumzika.

Adui mkubwa wa mota hizo ni joto. Wahandisi wana kanuni ya makadirio: kila joto la mota likipanda nyuzi 10 za Selsiasi juu ya kiwango chake, umri wa kihami hupungua kwa nusu. Kwa hiyo kihami kilichokaangwa kwa miaka 30 milimani hakiaminiki tena, hata kama chuma kilichokibeba hakina hata ufa.

Sasa tazama bodi. Gari dogo hutengenezwa liwe jepesi ili lisile mafuta. Kichwa cha treni hutakiwa kiwe kizito, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi, na uzito ndio unaolikandamiza lishike. Kichwa hicho cha 6E1 kina uzito wa tani 89 hivi. Fremu nene ya zamani, ambayo kwenye gari ingekuwa hasara, huku ni mtaji. Ukinunua kichwa kipya utalipia chuma kingine kifanye kazi ileile ambayo hiki cha zamani bado kinaiweza.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye namna umeme unavyoongozwa. Vichwa vingi vya zamani vya umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri, vilipunguza nguvu kwa kuupitisha umeme kwenye rezista. Treni ilipokuwa ikiondoka stesheni, sehemu kubwa ya umeme uliolipiwa iligeuka joto na kupotelea hewani. Mota zenyewe zilikuwa za brashi za kaboni, ambazo huisha na kutaka kubadilishwa kila mara. Leo transista kubwa na inveta huupima umeme kwa usahihi, na mota za fezi tatu hazina brashi kabisa. Kati ya 1999 na 2002 shirika la abiria la Marekani, Amtrak, pamoja na kampuni ya Alstom, walivifanyia hivyo vichwa 29 vya aina ya AEM-7. Mota na mitambo ya zamani ilitolewa, ikawekwa ya fezi tatu, na vichwa hivyo vikaendelea kuvuta abiria kati ya Washington na Boston.

Afrika Kusini ilikwenda kwa wingi zaidi. Kati ya 1969 na miaka ya 1980 iliunda vichwa vya 6E1 vipatavyo 960, vinavyotumia umeme wa volti 3,000. Kuanzia mwaka 2000 karakana ya Koedoespoort, Pretoria, ikaanza kuvigeuza baadhi kuwa aina ya 18E. Chumba kimoja cha dereva kiling'olewa vifaa vyote vya kuendeshea, na dereva akawekewa kiyoyozi, kiti kizuri na choo. Hilo la choo si anasa hata kidogo. Dereva wa treni ya mizigo hukaa njiani saa nyingi, na hawezi kusimama porini anapotaka.

Kuna pia suala la gia. Mwaka 1978 kichwa kimoja cha 6E1, namba E1525, kilibadilishwa gia, kikafungwa fremu maalumu za magurudumu, kikakimbia kilomita 245 kwa saa kwenye reli ya upana wa milimita 1,067. Rekodi hiyo ilitikisa dunia ya reli nyembamba. Gia ikipangwa upande wa pili, mbio hupungua na mvuto huongezeka, na huo ndio treni ya mizigo inaoutaka. Kwa hiyo karakana inapofumua kichwa ina nafasi ya kuamua upya kazi yake: abiria au mizigo.

Si kila kichwa kinafaa. Fremu ikiwa na nyufa, ambazo hutafutwa kwa mawimbi ya sauti, gharama hupanda hadi kipya kikawa nafuu. Vya zamani sana huweza kuwa na asbesto, au transfoma yenye mafuta ya PCB, kemikali ya sumu iliyopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001. Kazi huanzia kwenye kusafisha hayo kwa tahadhari, kabla ya fundi kushika spana. La kushangaza ni kwamba kichwa cha miaka ya 1980 kinaweza kukwama mapema kuliko cha 1960, kwa kuwa kadi zake za elektroniki hazitengenezwi tena, ilhali mota bado inasukika.

Na reli yetu ya Tanga, iliyofika Moshi 1911 na Arusha 1929? Haina waya juu, inatumia dizeli. Lakini kwenye kichwa cha dizeli chenye mota za umeme, injini huzungusha jenereta, na umeme wake ndio unaozungusha magurudumu. Kutoka Moshi hadi Arusha treni hupanda mamia ya meta, na mzigo wote wa kilima hicho huangukia mota hizo. Zikichoka, husukwa upya vilevile.