Kati ya git add na git commit

Karibu kila ninayemfundisha Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi, hukariri amri tatu kwa mpigo mmoja: git add, git commit, git push. Zinamvusha siku mbili tatu, kisha anarudi na swali: "Mbona mabadiliko yangu hayaonekani, na nilikomiti?" Kukomiti ni kuandika mabadiliko kwenye historia hiyo, na kila ingizo lake huitwa komiti. Mara nyingi jibu limejificha kati ya add na commit, kwa hiyo leo tukae hapo.

Kuanza ni kazi ndogo. Ingia kwenye folda ya mradi, andika git init, na Git itatengeneza humo folda iliyofichwa iitwayo .git. Historia yote inakaa ndani yake, basi usiiguse.

Sasa jaribu hivi. Tengeneza faili hesabu.py, andika mstari mmoja, uhifadhi, kisha git add hesabu.py. Kabla hujakomiti, ongeza mstari wa pili na uhifadhi tena. Andika git status. Utaiona hesabu.py imetajwa mara mbili, juu kwa kijani na chini kwa nyekundu.

Hakuna kilichoharibika. git add hupiga picha ya faili jinsi ilivyo wakati uleule na kuiweka kwenye eneo la maandalizi (staging area), mahali inaposubiri kukomitiwa. Mstari wa pili uliandikwa picha ikiwa imeshapigwa. Ukikomiti sasa, komiti itabeba mstari mmoja tu. Wa pili utabaki kwenye folda yako ukingoja add nyingine. Na git push, inayopeleka kazi yako kwenye hazina mnayoshiriki na wenzako, hupeleka komiti peke yake, kwa hiyo mwenzako hatauona kamwe mpaka uufanyie add, ukomiti na kufanya push tena.

Kwa nini usumbufu huu wote? Linus Torvalds alianza kuiandika Git Aprili 2005 kwa ajili ya kerneli (kiini) ya mfumo endeshi wa Linux, mradi wenye wachangiaji wengi ambao kila badiliko lao hukaguliwa. Mkaguzi anataka komiti moja ibebe jambo moja. Tuseme umerekebisha hitilafu kwenye faili moja, na kwenye nyingine umebadilisha maandishi ya kitufe. Add ya kwanza, komiti. Add ya pili, komiti. Miezi sita baadaye git log --oneline, inayoorodhesha komiti kila moja kwa mstari mmoja, itakupa mistari miwili inayojieleza, wala si mmoja ulioandikwa "marekebisho". Hata ukifanya kazi peke yako, nakusihi uzoee hivyo.

Kuna git diff pia, na hiyo huwatisha wengi: wakishafanya add, haionyeshi kitu. Ni kwa sababu inalinganisha faili zako na eneo la maandalizi, na hapo vyote viwili vimeshalingana. Ukitaka kuona kinachokwenda kukomitiwa, andika git diff --staged.

Ukiweka faili kwenye maandalizi kimakosa, git restore --staged hesabu.py huitoa humo, na ulichoandika kinabaki salama. Ila ukisahau neno --staged, mambo ni mengine kabisa. git restore hesabu.py hufuta mabadiliko ambayo hayajapita kwenye add, haikuulizi, na Git haina nakala yake ya kukurudishia. Amri hiyo ilinipotezea kazi ya mchana mzima. Tangu siku ile naanza na git diff, nasoma mistari itakayofutika mmoja mmoja, ndipo naiandika.