Unga wa Pai Haukandwi Kama wa Chapati

Katika madarasa ya uokaji ninayofundisha hapa Dar es Salaam, hakuna maneno ninayoyasikia mara nyingi kama haya: "Mwalimu, unga bado haujalainika, niukande kidogo?" Jibu ni hapana, na kwa kuwa swali hilo linarudi kwa kila kundi jipya, ni vyema nilijibu kwa maandishi.

Dhana yenyewe husema kwamba unga ukikandwa sana, ganda la pai litakuwa laini. Ninajua ilikotoka. Aliyekua akitazama chapati na maandazi yakiandaliwa nyumbani amefundishwa kukanda mpaka donge liwe nyororo na liache kunata mkononi, na kwa mapishi hayo amefundishwa sawasawa. Unga wa ngano ukikutana na maji, protini zake huungana na kuwa gluteni, ambayo huzidi kuimarika kadiri mkono unavyoendelea kukanda. Chapati huihitaji ili isukumike bila kuchanika, na mkate huihitaji ili uishike hewa inayotokana na hamira. Ganda la pai linatakiwa kuvunjika kwa urahisi linapoguswa na uma, kwa hiyo gluteni iliyokomaa ni adui yake: hulifanya ligumu kutafuna, tena hulivuta ndani ya oveni mpaka kingo zinateremka na kuacha nyama au matunda yakimwagika.

Ndiyo maana siagi huingia kwenye unga kabla ya maji. Isugue kwa ncha za vidole katika unga na chumvi mpaka sehemu kubwa ya unga ipakwe mafuta, lakini vibakie vipande vyenye ukubwa wa punje za njegere. Unga uliopakwa mafuta haunywi maji kwa urahisi, hivyo gluteni hupungua. Vile vipande vilivyobaki vina kazi nyingine: takriban asilimia 16 ya siagi ni maji, na maji hayo yakipata moto mkali hugeuka mvuke unaosukuma unga juu na kuacha matabaka. Anayekanda mpaka vipande vyote vipotee ameyaondoa matabaka kwa mikono yake mwenyewe, halafu huja kuniuliza kwa nini pai yake haichambuki.

Kipimo ninachokisisitiza ni sehemu tatu za unga, mbili za siagi na moja ya maji, kwa uzito. Kwa gramu 300 za unga, chukua gramu 200 za siagi na usizidishe gramu 100 za maji, ukianza na gramu 70 na kuongeza kidogo kidogo, kwani unga uliokaa katika unyevu wa pwani yetu huenda usihitaji maji yote. Acha kuchanganya mara tu unga unaofinywa kiganjani unaposhikamana. Utaonekana mkavu, wenye nyufa na madoadoa ya siagi, na mwanafunzi atatamani kuurekebisha. Ninamsihi auache hivyo hivyo. Aufunge kwa nailoni, auweke kwenye friji kwa muda usiopungua nusu saa, na atakapoutoa atakuta maji yamesambaa yenyewe na gluteni kidogo iliyokuwamo imelegea. Nusu saa hiyo hufanya kazi ambayo watu wanadhani hufanywa na mikono.

Wapo pia wanaoamini kwamba siagi lazima iachwe nje ilainike kwanza, kama ya keki. Kwa mji ambao joto la mchana kati ya Januari na Machi hupita nyuzi 30, ushauri huo ni hasara tupu, maana siagi huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35, na huwa imeshalegea mapema zaidi. Ikatwe vipande, irudishwe kwenye friji, na maji yawe ya barafu. Mimi hupoza hata bakuli na unga wenyewe, na hupendelea kufanya kazi hii alfajiri kabla jiko halijapata joto. Ukiona siagi inang'aa na kupaka vidole mafuta, simama na urudishe bakuli lote kwenye friji. Ni kweli kwamba Waingereza wana pai za nyama ambazo unga wake huchanganywa na maji ya moto yenye mafuta ya nguruwe, lakini ganda hilo limekusudiwa kuwa imara na kusimama lenyewe, wala halitarajiwi kuchambuka.

Samli haiwezi kushika nafasi ya siagi kikamilifu: kwa kuwa karibu haina maji, hutoa ganda linalomung'unyika vizuri lakini lisilo na matabaka ya maana. Beking pauda nayo haileti matabaka. Huumua unga na kuufanya ufanane na biskuti. Wanaolaumu unga wa dukani nao hawana hoja, kwani unga wa kawaida wa ngano unafaa kabisa.

Malalamiko ya mwisho ni kwamba chini ya pai hubaki mbichi kwa sababu oveni ni mbovu. Mara nyingi kosa ni kujaza nyama ikiwa bado ya moto, ambayo huyeyusha siagi kabla pai haijaingia kuokwa. Ipoe kabisa. Kwa vijazo vyenye majimaji, oka ganda tupu kwanza: tandika karatasi ya kuokea, jaza maharage makavu, oka kwa nyuzi 200 kwa dakika 15 hadi 20, kisha ondoa maharage na karatasi na urudishe ganda mpaka lipoteze ubichi. Maharage hayo hayafai tena kupikwa, lakini yakishapoa yahifadhi kwenye kopo, kwa kuwa yatatumika kwa pai nyingi zijazo.