Kukosa Jina la Kitu na Kutokijua Kitu Ni Mambo Mawili

Ukimwonyesha mtu picha ya nyundo, anaitaja papo hapo. Ndani ya muda huo mfupi ubongo umefanya kazi tatu. Sehemu ya kisogoni imeunganisha mistari na vivuli hadi likapatikana umbo. Umbo hilo likakutanishwa na anayoyajua kuhusu nyundo, kwamba ina mpini na hupigilia misumari. Ndipo jina likatafutwa. Hatua yoyote kati ya hizi inaweza kuharibika huku nyingine zikiendelea.

Hatua ya pili ndiyo yenye maajabu. Mwaka 1984, Elizabeth Warrington na Tim Shallice wa Uingereza walichapisha habari za wagonjwa wanne walioshambuliwa ubongo na kirusi cha hepesi. Mmoja wao, anayetajwa kwa herufi J.B.R., aliweza kueleza dira ni nini, lakini kasuku hakumjua. Wanyama, mimea na vyakula vilikuwa vimemtoka, ilhali zana na vyombo vya nyumbani vimebaki.

Usiharakishe kusema ubongo umegawa tu vyenye uhai na visivyo na uhai. J.B.R. alivijua viungo vya mwili, akashindwa ala za muziki! Maelezo yaliyotolewa ni kwamba wanyama tunawatofautisha zaidi kwa sura, na zana kwa matumizi. Nayakubali, ila si kwa moyo wote, kwani mwaka 1985 aliripotiwa mgonjwa mwingine, M.D., aliyeweza kutaja kifaa adimu kama abakasi (fremu ya shanga za kuhesabia) lakini akakwama kwenye picha ya chungwa. Kwake yeye matunda na mboga tu ndivyo vilivyogoma, si wanyama, ambao nao hutofautishwa kwa sura. Akitajiwa jina lenyewe, alijua ni tunda.

Kwa wanaomuuguza mtu nyumbani, tofauti hii inaonekana kwa kitana tu. Mpeni mgonjwa. Akikosa jina lakini akakipeleka kichwani, huenda kilichopotea ni jina. Akikitazama asikitambue, kisha akakitaja mara tu anapokipapasa, shida yaweza kuwa kwenye kutambua kwa macho. Akikigeuzageuza au kutaka kupigia mswaki, huenda maarifa yenyewe yameguswa. Mweleze daktari mlichokiona hasa. "Anasahausahau" haimsaidii sana.

Hali hii ikianza ghafla, hasa mdomo ukipinda au mkono ukilegea, msipime kitu: huenda ni kiharusi. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.